Utitiri na nzi weupe kwenye pamba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu spiromesifeni

Majibu haya kuhusu spiromesifeni, dawa ya kuua utitiri na nzi weupe, ni ya mkulima wa pamba wa Kanda ya Magharibi, yaani Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita, Mara, Tabora na mikoa inayopakana nayo, anayepanda kwa mvua za Novemba na Desemba na kupuliza dawa kwa bomba la mgongoni. Mkulima wa Morogoro, Kenya au Uganda naye atapata cha kutumia, mradi ageuze tarehe zifuate mvua za kwake.

Kwani utitiri na nzi weupe ni wadudu wakubwa wa pamba kwetu?

Kwa miaka mingi, hapana. Adui wa kwanza wa pamba yetu ni funza wa vitumba, kisha chawa jani, vidukari na kangambili. Ratiba za kupuliza tulizofundishwa zimepangwa kwa ajili ya hao. Utitiri na nzi weupe hujitokeza zaidi mvua inapokatika wiki mbili tatu katikati ya msimu, jua likawa kali na vumbi likatanda juu ya majani. Hujitokeza pia kwenye mashamba yaliyopulizwa mara nyingi dawa za aina moja. Wakishajaa, dawa ulizozoea haziwagusi, na hapo ndipo mkulima anapoanza kutafuta dawa mpya.

Nitawatambuaje? Majani yangu yamekuwa mekundu na sijui ni nani.

Geuza jani. Wadudu hawa wote wawili wanaishi upande wa chini, na anayetazama shamba akiwa barabarani hawezi kuwaona.

Utitiri ni mdogo kuliko chembe ya chumvi. Si mdudu kwa maana kamili, ni ndugu wa buibui na kupe: mkubwa ana miguu minane. Dalili ya kwanza ni vidoa vyeupe au vya njano upande wa juu wa jani, vimejipanga kando ya mishipa na karibu na kikonyo. Kisha sehemu hiyo inageuka rangi ya shaba au nyekundu, na ukitazama chini utaona utando mwembamba kama wa buibui wenye vumbi ndani yake. Pukutisha jani juu ya karatasi nyeupe, subiri kidogo, utaona vinukta vinatembea. Kwa kawaida huanzia pembezoni mwa shamba, hasa upande wa barabara ya vumbi, na huonekana kwa mabaka.

Nzi weupe ni rahisi zaidi. Ukitikisa mmea asubuhi wanaruka kama unga uliopeperushwa, kisha wanarudi kutua. Hao ni wazima. Wanaokula sana ni watoto wao, tunutu, ambao wamebandikwa chini ya jani kama magamba madogo ya rangi ya njano iliyofifia. Tunutu hutembea siku ya kwanza tu baada ya kuanguliwa, kisha huchoma mdomo wake kwenye jani na kubaki hapohapo hadi anapotoka na mbawa.

Usichanganye na chawa jani. Huyo ni wa kijani, anatembea upandeupande ukimgusa, na jani alilolifyonza hujikunja kingo zake kuelekea chini na kuwa na ukingo mwekundu au wa kahawia. Dawa ya chawa jani ni nyingine. Nimeona wakulima wakinunua dawa ya gharama ya utitiri kwa sababu ya wekundu wa majani tu, kumbe tatizo lilikuwa chawa jani, na mara nyingine hata si mdudu bali ni ukosefu wa mbolea au uzee wa jani. Bila kugeuza jani, usinunue chochote.

Wanaharibu nini hasa? Mbona hawali vitumba?

Hawali vitumba, lakini wanafyonza chakula ambacho kingekwenda kwenye vitumba. Mmea uliovamiwa na utitiri mapema hudondosha majani, kisha vitumba vichanga. Ukivamiwa wakati vitumba vya juu vimeshakomaa, hasara ni ndogo.

Nzi weupe wana madhara mengine yanayofika hadi kiwandani. Tunutu hutoa utomvu mtamu unaodondokea majani ya chini na pamba iliyopasuka. Juu ya utomvu huo huota ukungu mweusi kama masizi. Pamba hiyo inashika vumbi na mabaki ya majani, na kituo cha kununulia huiweka daraja la chini, la pamba fifi. Hata ikionekana safi, sukari iliyo ndani ya utomvu wa nzi weupe huyeyuka kwenye joto la nyuzi 48 tu, joto ambalo mashine za kusokotea nyuzi hulifikia kwa urahisi. Nyuzi hunata kwenye mitambo, mitambo husimamishwa kusafishwa, na mnunuzi hukumbuka marobota yale yalitoka nchi gani.

Nzi weupe pia wanabeba virusi. Ugonjwa wa kujikunja majani ya pamba umeitesa sana Pakistan, India na Sudan, na anayeusambaza ni huyu huyu, *Bemisia tabaci*.

Nimepuliza mara tatu na wamezidi kuongezeka. Dawa ni feki?

Inawezekana, na suala la dawa feki lipo hapo chini. Lakini mara nyingi dawa ni halali na imefanya kazi yake, ila imemuua asiyestahili kufa.

Ekapaki nyingi tunazotumia, yaani chupa ndogo za dawa ya kupuliza eka moja, zina pairethroidi, kama saipermethrini, lamda-sihalothrini au deltamethrini. Ni dawa nzuri kwa funza. Kwa utitiri ni dhaifu, ila ni kali mno kwa wanaomla utitiri: mdudu-kibibi mwenye madoa, wadudu wa kijani wenye mbawa za wavu, buibui, na utitiri wengine wanaowinda wenzao. Tunutu wa nzi weupe nao wana adui yao, nyigu wadogo wasioonekana kwa urahisi, ambao hutaga yai kwenye tunutu na mtoto wao akamla akiwa hai. Ukipuliza pairethroidi mara tatu mfululizo, walinzi hao wanakwisha. Utitiri uliosalia chini ya majani unabaki bila adui, na wakati wa joto unakamilisha kizazi kizima, toka yai hadi mkubwa anayetaga, kwa wiki moja hadi mbili. Nzi weupe huchukua wiki mbili hadi nne. Katika wiki sita hesabu inakushinda.

Sudan iliyaona haya kwa gharama kubwa. Katika mradi wa umwagiliaji wa Gezira, nzi weupe walikuwa wadudu wa kawaida hadi dawa zilipoanza kupulizwa kwa wingi zikiwemo mchanganyiko wenye DDT. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamegeuka kuwa mdudu mkuu, na pamba ya Sudan, iliyokuwa na jina zuri duniani, ikaanza kukataliwa kwa kunata. Mwaka 2015 jimbo la Punjab nchini India lilipata mlipuko mwingine mkubwa: wakulima walipuliza na kurudia kupuliza, na mashamba mengi bado yaliangamia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza dawa gani mpya, jiulize umepuliza nini tangu Januari, na kwa sababu gani. Kama ulipuliza kwa kufuata kalenda bila kuhesabu funza, inawezekana mlipuko umeutengeneza mwenyewe.

Hii spiromesifeni ni kitu gani? Inauaje?

Ni kiuatilifu cha kundi namba 23 katika mgawanyo wa kimataifa wa dawa kwa jinsi zinavyoua. Kwenye lebo utaiona imeandikwa spiromesifen, nyingi zikiwa za kimiminika kizito cheupe kinachochanganywa na maji. Kwingineko duniani ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini kwa mkulima wa pamba aliyezoea ekapaki ni mpya kabisa kwa tabia yake.

Dawa ulizozoea hushambulia neva: mdudu anatetemeka, anaanguka, unamwona. Spiromesifeni haigusi neva. Inazuia mwili wa mdudu kutengeneza mafuta. Bila mafuta, tunutu hawezi kukua na kujivua gamba, na yai haliendelei. Jike lililoguswa na dawa hutaga mayai machache, au mayai yasiyoanguliwa. Ndiyo maana nguvu yake kubwa ni kwa mayai na watoto, na kwa wazima ni ndogo. Inaua utitiri na nzi weupe kwa njia hiyohiyo, jambo ambalo dawa chache zinaweza.

Haiui funza. Nasisitiza hili kwa sababu mtu akitumia fedha nyingi kwenye chupa moja hutarajia imalize kila kitu shambani. Vitumba vyako bado vinahitaji kukaguliwa.

Dawa hii hupenya kidogo ndani ya jani ilipodondokea, lakini haisafiri kwenda kwenye majani mengine wala machipukizi yatakayoota baadaye. Ndugu yake wa kundi hilohilo, spirotetramati, husafiri ndani ya mmea juu na chini. Usizichukulie kama dawa mbili tofauti: namba ya kundi ni moja.

Siku ya tatu baada ya kupuliza nzi weupe bado wanaruka. Nimeibiwa?

Hapana. Hao wanaoruka ni wazima waliokuwepo au waliotoka shamba la jirani. Siku ya saba geuza majani na utazame tunutu kwa lenzi ya mkononi. Tunutu aliyekufa amekauka, amebonyea, rangi imegeuka ya kahawia. Aliye hai amevimba na anang'aa kama ametiwa maji. Rudia tena kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne. Wakipungua watoto, wazima watapungua baada yao kwa kuwa hakuna wa kuwarithi.

Kosa linaloua dawa hii ni kukata tamaa siku ya tatu na kupuliza pairethroidi juu yake.

Nipulize lini? Wadudu wangapi wanatosha?

Hesabu kwanza. Tembea shamba kwa mstari wa mshazari, chagua mimea 30 bila kupendelea, na kwa kila mmea geuza jani la tano kutoka kileleni kwenye shina kuu. Fanya hivyo asubuhi kabla ya saa nne, nzi wakiwa bado wazito kwa baridi. Geuza jani polepole ukilishika kwenye kikonyo. Ukilinyakua wote wataruka na utahesabu hewa.

Wenzetu wana vizingiti vinavyosaidia kama kipimo. Punjab hushauri kuchukua hatua wakifika nzi wazima 6 kwa jani. Arizona, Marekani, jani huhesabiwa limevamiwa likiwa na wazima 3 au zaidi, na dawa za kuzuia ukuaji hupulizwa majani ya namna hiyo yakifika 40 kati ya 100 huku tunutu wakubwa nao wakionekana kwenye idadi kama hiyo ya majani. Australia, kwa utitiri, kizingiti cha katikati ya msimu ni mimea 30 kati ya 100 yenye utitiri. Mashamba yao yanamwagiliwa na mavuno yao kwa eka ni makubwa kuliko yetu, kwa hiyo usivichukue kama sheria. Peleka hesabu zako kwa afisa ugani wa kata, au kwa watafiti wa kituo cha Ukiriguru cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, muamue pamoja. Ukienda na namba, utasaidiwa haraka kuliko ukienda na malalamiko.

Kwa kuwa dawa hii inaua watoto, mapema ni bora kuliko kuchelewa. Ukingoja shamba zima liwe jeusi kwa ukungu, umenunua dawa ya kizazi kilichokwisha kukuharibia.

Natakiwa kuweka kiasi gani kwenye bomba?

Kiasi kiko kwenye lebo ya chupa uliyonunua, kwa zao la pamba, na hicho ndicho cha kufuata. Nguvu ya dawa hutofautiana kati ya chupa na chupa. Kitu ambacho lebo haiwezi kukuambia ni maji unayotumia wewe kwa eka, kwa mwendo wako na bomba lako.

Pima hivi. Weka maji matupu kwenye bomba, pima eneo la mita 10 kwa 10 ndani ya pamba yenyewe, puliza kama unavyopuliza siku zote, kisha pima maji yaliyopungua. Eneo hilo ni mita za mraba 100, na eka ni kama 4,000, kwa hiyo zidisha kwa 40. Tuseme zimepungua lita 3: utahitaji lita 120 kwa eka, sawa na mabomba 8 ya lita 15. Kama lebo ingesema mililita 200 kwa eka (nataja namba hii kwa ajili ya hesabu tu), kila bomba lingepata mililita 25. Tumia kikombe chenye alama. Kifuniko cha chupa si kipimo.

Zingatia umri wa pamba. Tangu tuhamie nafasi ya sentimita 60 kwa 30, yenye mashimo 22,222 kwa eka, badala ya ile ya 90 kwa 40, majani hufunga mapema na upande wa chini ni mgumu kufikiwa. Kata ile tabia ya kupunga bomba juu ya vilele huku unatembea haraka. Shusha mkono, elekeza nozeli juu kutokea chini ya majani, tumia nozeli ya koni yenye matone madogo, na tembea taratibu. Vile vinyunyizi vya betri vyenye kisahani kinachozunguka vilitengenezwa kwa maji machache na hudondosha dawa zaidi juu ya majani. Kwa wadudu hawa bomba la mgongoni ni bora. Ukishapuliza, geuza majani kumi. Yasipokuwa na matone chini, hujapuliza utitiri, umeosha pamba.

Puliza asubuhi na mapema au jioni upepo ukiwa umetulia, na usipulize wingu la mvua likiwa limekaribia. Dawa inahitaji kukauka juu ya jani.

Naweza kuichanganya na dawa ya funza nimalize kazi kwa mara moja?

Na pairethroidi, ningekushauri usifanye. Unanunua dawa inayowaacha hai wengi wa walinzi wako, halafu unaongeza nyingine inayowamaliza. Kama funza wamevuka kizingiti wakati huohuo, muulize afisa ugani dawa ya funza yenye kuchagua, yaani inayoua funza na kuwaacha walinzi, na soma lebo zote mbili kama zinaruhusu kuchanganywa. Usichanganye na mbolea ya majani wala sabuni kwa kubahatisha.

Ikifanya kazi, naweza kurudia kila wiki mbili?

Usirudie. Mara moja kwa msimu inatosha kwa shamba letu la mvua, na ikilazimu ya pili iwe ya kundi jingine kabisa. Hapa ndipo dawa hii itakapookolewa au kupotezwa.

Wadudu hawa wawili wana jambo la ajabu la uzazi: yai lisilorutubishwa halifi, huwa dume. Dume huyo ana seti moja tu ya vinasaba, toka kwa mama. Akirithi kinasaba cha kuhimili dawa, hakuna kinasaba kingine cha kukificha. Kinajitokeza papo hapo, anabaki hai dawa inapopita na kukigawa kwa mabinti zake wote. Ongeza kizazi kila wiki mbili, na utaona kwa nini utitiri na nzi weupe ni miongoni mwa viumbe wepesi zaidi kuzoea sumu. Nzi weupe wanaohimili kundi 23 tayari wamepatikana Australia na Uhispania.

Kinachotia moyo ni Arizona. Mwaka 1996, baada ya miaka ya nzi weupe kuwashinda, waliruhusiwa dawa mbili mpya za kuzuia ukuaji, buprofezini na pairiproksifeni, kwa sharti kwamba kila moja itumike mara moja tu kwa msimu. Wakulima walilishika sharti hilo, walinzi wa asili wakarudi mashambani, na idadi ya kupuliza ikashuka sana. Walikubaliana kama jamii, si mtu mmoja mmoja. Kwetu AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ndiyo mahali pa makubaliano hayo: kundi gani la dawa litumike kijijini msimu huu, na lini. Nzi weupe hawajui mpaka wa shamba lako na la jirani.

Angalia namba ya kundi kwenye lebo. Kwa utitiri, abamektini ni kundi 6. Kwa nzi weupe, buprofezini ni kundi 16, asetamipridi ni 4A. Majina ya biashara ni mengi na hubadilika kila mwaka, ila namba haibadiliki.

Nimeambiwa mbegu zetu za UK zinavutia nzi weupe. Ni kweli?

Kuna ukweli. Aina zilizozalishwa Ukiriguru, kama UK91 na UKM08, zina majani yenye vinyweleo. Vinyweleo hivyo vilichaguliwa kwa makusudi, kwani chawa jani hushindwa kutaga na kula vizuri kwenye jani la namna hiyo, na bila hivyo pamba ya Usukumani ingekuwa na shida kubwa kila msimu. Nzi weupe, kinyume chake, hupenda jani lenye vinyweleo. Bado ningepanda UK: chawa jani tunao kila mwaka, nzi weupe huja kwa vipindi.

Shamba langu linapakana na muhogo uliojaa nzi weupe. Niung'oe?

Usiung'oe chakula. Nzi weupe wanaofanana kwa macho ni spishi nyingi tofauti, na wale wanaoeneza magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia kwenye muhogo wa Afrika Mashariki wamezoea zaidi muhogo. Jihadhari zaidi na nyanya, bilinganya, maboga na viazi vitamu vilivyo kando ya pamba, pamoja na magugu. Palilia mapema, na usipande pamba changa kandokando ya bustani kuukuu ya nyanya.

Ina madhara kwa nyuki?

Swali hili hutoka sana Tabora, Nzega na Igunga, ambako pamba na mizinga vinakaa pamoja, na nashukuru linaulizwa. Kwa nyuki mzima dawa hii si kali kama pairethroidi. Hata hivyo inazuia ukuaji, na mtoto wa nyuki naye anakua. Puliza jioni nyuki wakishalala, na mjulishe mwenye mizinga siku mbili kabla. Kwa samaki na viumbe wa majini ni sumu kali. Usioshe bomba kwenye lambo, kisima wala mto, na maji ya kusuuzia yamwage ndani ya shamba ulilopuliza.

Na kwangu mimi na watoto?

Vaa mikono mirefu, suruali nje ya gambuti, glavu, barakoa na miwani, hasa unapopima dawa ikiwa haijachanganywa na maji. Watoto na wajawazito wasipulize wala kuchota maji ya dawa. Usiingie shambani kabla ya muda ulioandikwa kwenye lebo, na usivune kabla ya siku za kusubiri kwisha. Kama umeotesha kunde au maboga ndani ya pamba, majani yake si mboga tena msimu huo. Chupa tupu suuza mara tatu, maji yaingie kwenye bomba, kisha toboa chupa. Usiiwekee mafuta ya taa wala maziwa.

Mtu akizidiwa, mpeleke kituo cha afya pamoja na chupa yenye lebo. Maziwa si dawa ya sumu, na usimtapishe.

Nitajuaje kama dawa ni halali?

Iwe imesajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na lebo itaje pamba. Dawa iliyosajiliwa kwa nyanya haijasajiliwa kwa pamba kwa sababu tu ni chupa ileile. Lebo iwe ya Kiswahili, kizibo hakijafunguliwa, tarehe ya mwisho inasomeka. Usinunue iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, hata kwa mtu unayemfahamu. Chukua risiti, bila risiti huna pa kudai.

Ni ghali. Lazima nipulize shamba zima?

Kwa nzi weupe waliosambaa, ndiyo. Kwa utitiri, mara nyingi hapana. Ukiwagundua mapema wakiwa kwenye mabaka ya pembezoni, weka vijiti kuzunguka kila baka, ongeza hatua tano nje yake, na puliza hapo tu. Anza kukagua shamba kutoka upande safi na umalizie kwenye mabaka, vinginevyo unawabeba kwenye nguo. Fedha hii hutaipata ukikagua mara moja kwa mwezi. Kagua kila wiki.

Mimi ni mkulima wa pamba hai, isiyotumia dawa za viwandani, Meatu. Nina nini?

Spiromesifeni hairuhusiwi kwako. Una faida nyingine: kwa kuwa hupulizi pairethroidi, walinzi wako wapo, na milipuko ya utitiri kwako ni nadra. Mistari ya alizeti ndani ya pamba huwasaidia. Mwarobaini hupunguza ulaji na ukuaji wa tunutu, lakini upulizwe jioni kwa sababu jua huuharibu haraka, na ufike chini ya majani kama dawa nyingine yoyote. Ulizia kwanza masharti ya cheti chako.

Imefika Aprili, vitumba vimeanza kupasuka na utitiri umejaa. Nipulize?

Kama vitumba vya juu unavyotarajia kuvuna vimeshakuwa vigumu ukivibonyeza, acha. Majani yanayodondoka sasa yameshamaliza kazi yake, na fedha hiyo haitarudi. Nzi weupe ni jambo tofauti: pamba iliyo wazi ikianza kunata, chuma mapema na mara kwa mara, na weka kando ile iliyopata ukungu, usiichanganye na safi kwenye gunia moja. Baada ya mavuno ng'oa na uchome masalia kabla ya Septemba 15, pamoja na maotea yanayochipua upya. Machipukizi hayo ya kijani katikati ya kiangazi ndiyo yanayowahifadhi wadudu hadi Novemba.